Landrova 109 imegoma umeme: pima kwanza, spea baadaye

Landrova yangu ni 109 Series III ya mwaka 1976, petroli, lita 2.25. Niliirithi kwa baba mdogo, na pamoja nayo nikarithi sanduku la bati lililojaa spea: koili nne (za kuzalisha cheche), stata mbili, relei (swichi zinazoamshwa kwa umeme) za kila sampuli, hata kataoti mbili za dainamo, yaani swichi za kuikata mashine ya chaji ya zamani na betri, ilhali gari lenyewe linatumia alteneta. Siku moja nilikaa barazani na multimita nikazipima moja moja. Karibu zote zilikuwa nzima. Marehemu alikuwa akivua kifaa kizima, anafunga kipya, na tatizo linabaki palepale.

Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, tunapima, na dukani tunafika mwishoni. Ninayoyasema yanahusu Series II, IIA na III, yaani zile zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985. Mwenye Morris Minor au Mini ya enzi hizo naye hatapotea, maana umeme ni uleule wa Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya magari, na rangi za nyaya ni zilezile. Waingereza wenyewe walimtania Lucas wakamwita mkuu wa giza. Mimi naona walimwonea. Gari la miaka karibu 50 likikaa gizani, mara nyingi mkosaji ni kutu, au fundi aliyepita kabla yako akiwa na tepu nyeusi na haraka ya kwenda kula.

Vifaa viwili vinatosha

Uwe na multimita ya kawaida na taa ya majaribio. Taa hiyo usinunue, itengeneze: globu ya indiketa ya wati 21, kishikio chake, na nyaya mbili ndefu zenye vibanio mwishoni. Kwa nini globu wakati multimita ipo? Kwa sababu multimita haivuti umeme wa maana. Kiungo kilicholiwa na kutu bado kitakuonyesha volti 12 kwenye kioo, nawe utaapa kwamba umeme unafika. Globu ya wati 21 inadai karibu ampea 2, na kiungo kibovu hakiwezi kuzitoa: globu inafifia au haiwaki kabisa. Hapo umeshajua.

Athi ni ipi?

Athi ni njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Landrova za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na athi chanya, yaani kichwa cha chanya cha betri ndicho kimefungwa kwenye chasi. Baada ya hapo ikawa athi hasi, na Series III zote ni za hasi. Lakini magari haya yamepita mikono mingi, kwa hiyo usiamini kadi ya gari. Inama uangalie waya mnene unaoingia kwenye chasi unatoka kichwa gani cha betri.

Ukikuta ni chanya, usithubutu kufunga alteneta, redio ya kisasa, wala koili ya elektroniki. Dayodi zilizomo ndani zitaungua mara tu utakapounga betri. Kuigeuza kuwa hasi si kazi kubwa: geuza betri, badilishana nyaya mbili ndogo za koili na za geji ya ampea kama ipo, kisha ifundishe dainamo upande mpya. Vua nyaya za D na F kwenye dainamo, chukua waya kutoka chanya ya betri, gusisha kwenye F kwa sekunde moja au mbili. Cheche ndogo itaruka, basi. Ukisahau hatua hii dainamo itachaji kinyume, na kataoti ndiyo itakayolipa.

Rangi, kabla hujakata waya wowote

Waya wa kahawia unatoka betri moja kwa moja, haupiti swichi wala fyuzi. Huu ndio unaounguza magari, uheshimu. Mweupe unakuja baada ya swichi ya ufunguo na kwenda koili. Kijani ni umeme wa ufunguo uliokwisha kupita kwenye fyuzi: geji, indiketa, taa za breki. Zambarau una umeme wa fyuzi muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mwekundu ni taa ndogo. Buluu ni taa kubwa. Ukiwa na mstari mweupe ni mwanga wa mbali, mstari mwekundu ni mwanga wa chini. Mweusi ni athi.

Kijani wenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, wenye mstari mweupe ni ya kulia, wenye mstari wa zambarau ni breki. Kahawia wenye mstari wa njano ni wa taa ya chaji. Mweupe wenye mstari mwekundu unakwenda kuamsha stata.

Ukikutana na rangi isiyo humu, hapo alipita mtu. Kwangu nilikuta waya mweupe pacha, ule wa taa ya chumbani, umepewa kazi ya kupeleka umeme kwenye honi. Ulifanya kazi miaka mingi, sitaki kuudharau, ila ulikuwa umeshaanza kuyeyuka pale unapopita karibu na ekzosi.

Unawasha, stata inatoa "tik" au inaguna tu

Hii nitaikalia kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Naishi Tanga, ambako chumvi ya bahari inakula chuma usiku na mchana. Asubuhi moja nilizungusha ufunguo, ikajibu "tik". Nikarudia, "tik". Mara ya tatu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipotaka kurudisha choki nikaiachia haraka, kitasa kilikuwa cha moto kama kijiko kilichosahauliwa kwenye chai, na kamoshi kembamba kalikuwa kanapanda kutoka kwenye kebo yake.

Fundi wa jirani akatoa hukumu akiwa amesimama mlangoni: "Mzee, hiyo stata imekwisha. Nina nyingine nzuri." Kwenye sanduku la bati nilikuwa nazo mbili nzuri pia. Nikamwambia anisubiri.

Pima hivi. Weka gia huru, vuta hendibreki, chomoa waya mnene wa katikati ya koili na uuguse kwenye bodi ili gari lisiwake. Kwanza pima betri ikiwa imetulia: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 kaichaji kwanza, usijisumbue na mengine. Kisha mwenzako azungushe ufunguo nawe ukipima sehemu tatu.

Ya kwanza ni kwenye vichwa vyenyewe vya betri. Isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikiporomoka hadi 7 au 6, betri imechoka au stata imekaza.

Ya pili ni kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi boliti kubwa ya stata. Hapa unatafuta volti zinazopotea njiani. Ikizidi 0.5, waya mnene, vibanio vya betri au solenoidi (swichi kubwa inayoamsha stata) vinakula umeme wako.

Ya tatu ndiyo mafundi wengi hawaipimi: kutoka kichwa cha hasi cha betri hadi kwenye injini yenyewe, chuma kitupu. Hapa pia isizidi 0.5. Yangu ilisoma 4.1.

Volti nne zimekwenda wapi? Injini ya Landrova imekaa juu ya mipira, na mipira haipitishi umeme. Kuna mkanda wa nyuzi za shaba uliosukwa, unaotoka kwenye injini kwenda chasi. Wangu ulikuwa umebaki nyuzi chache za kijani kibichi. Stata inadai zaidi ya ampea 100, umeme ukikosa barabara unatafuta uchochoro, na uchochoro ulioupata ni kebo ya choki inayounganisha kabureta na dashibodi. Ndiyo iliyokuwa ikiungua. Nilifunga mkanda mpya, nikasugua chasi kwa msasa hadi ikang'aa, nikapaka grisi juu ya boliti baada ya kukaza. Stata ileile "iliyokwisha" ingali inazungusha hadi leo.

Kama kipimo cha tatu ni kizuri na stata iko kimya kabisa, chukua globu: banio moja kwenye taminali ndogo ya solenoidi yenye waya mweupe wa mstari mwekundu, jingine kwenye injini. Mtu azungushe ufunguo. Globu isipowaka, tatizo liko kwenye swichi ya ufunguo au waya, na stata haihusiki. Ikiwaka vizuri na solenoidi haifanyi kitu, hapo ndipo unaruhusiwa kununua solenoidi.

Taa kubwa zinawaka kama kibatari

Watu hukimbilia kununua globu za wati 100. Usifanye hivyo. Utaunguza swichi, na swichi nzuri ya Lucas ni ngumu kuipata kuliko globu.

Washa taa, pima volti kwenye soketi ya nyuma ya taa, kati ya pini ya mwanga na pini ya athi, halafu pima betri. Tofauti ikiwa volti 1.5 au 2, umepata mwizi. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa globu hupungua kwa karibu asilimia 30. Globu ya wati 60 yenye volti 10 haina tofauti na koroboi.

Sasa jua mwizi yuko upande gani. Pima kutoka pini ya athi ya taa hadi kichwa cha hasi cha betri, taa zikiwa zinawaka. Kwenye Landrova mara nyingi ni huku. Bodi ni ya alumini, chasi na ukuta wa mbele ni chuma, na metali hizi mbili zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe kama chokaa. Unga huo haupitishi umeme. Taa iliyopata athi yake kwenye madigadi ya alumini itafifia mapema au baadaye. Dawa ni waya mweusi wa milimita za mraba 2 kutoka kila taa hadi boliti moja iliyosafishwa kwenye chasi.

Kama athi ni safi, mwizi ni njia ndefu: umeme unatoka betri, unakwenda dashibodi, unapita swichi mbili, unarudi mbele. Hapo funga relei mbili, moja ya mwanga wa mbali, moja ya chini. Pini 30 inapata waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15 au 20, iliyokaa karibu na betri kadiri inavyowezekana. Pini 87 inakwenda kwenye taa. Pini 86 inapokea ule waya wa zamani wa buluu na mstari wake, ambao sasa kazi yake ni kuamsha relei tu. Pini 85 ni athi. Swichi yako ya miaka ya 1970 itapitisha umeme chini ya ampea moja na itakuzika wewe.

Tahadhari moja iliyonigharimu Jumamosi nzima: relei za umbo lilelile, pini nne, zipo za mpangilio wa aina mbili, na katika moja 30 na 86 zimebadilishana nafasi. Usifuate nafasi ya pini kwenye soketi ya zamani. Soma namba ndogo zilizopigwa chini ya relei, hata kama itabidi uvae miwani.

Betri inaisha usiku, au taa ya chaji haieleweki

Injini ikiwa inazunguka kwa kasi kidogo kupita sailensi, yaani kupita mzunguko wake bila kukanyagwa mafuta, pima betri: unataka kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12.5 na kushuka, hakuna chaji. Ikipanda 15 na zaidi, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na betri itachemka.

Series III ilikuja na alteneta ya Lucas, nyingi zikiwa 16ACR ya ampea 34. Kabla ya kuihukumu, washa ufunguo bila kuwasha injini na uitazame ile taa nyekundu ya chaji. Isipowaka, usiguse alteneta bado. Globu ile ndogo ya wati 2.2 ndiyo inayoiamsha alteneta kupitia waya wa kahawia wenye mstari wa njano. Globu ikiungua, alteneta nzima inaweza kukaa bila kuchaji mpaka uikanyage injini mafuta hadi ipige kelele. Nimemwona mtu kanunua alteneta mbili kwa sababu ya kiglobu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Usiweke LED mahali pake pia, maana haipitishi umeme wa kutosha.

Alteneta ikiwa kweli imekufa, huku kwetu wengi wanafunga ya Toyota yenye regyuleta ndani, na mimi siwalaumu. Spea zake ziko kila mji. Boliti kubwa B inachukua waya mnene wa kahawia. L inachukua waya wa taa ya chaji. IG inahitaji umeme wa ufunguo, na hapa unachukua waya wa kijani, baada ya fyuzi. S inakwenda moja kwa moja hadi chanya ya betri ili regyuleta ijue betri ina volti ngapi. Kumbuka tu kwamba alteneta ya ampea 60 kwenye waya uliopangiwa ampea 34 ni ajali inayosubiri betri tupu. Badilisha pia ule waya mnene.

Geji ya mafuta na ya joto zote zinadanganya

Ikiwa ni moja inayodanganya, tafuta kwenye kifaa chake ndani ya tangi au kwenye injini. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, au kufa zote kwa pamoja, usizibadilishe. Nyuma ya dashibodi kuna kidude kidogo chenye taminali B na I, kazi yake kuzipa geji wastani wa volti 10. Kinapata athi kwa kugusana na bodi. Athi ikipotea, kinaachia volti zote za betri na geji zote mbili zinakuambia una mafuta tele na injini inachemka. Kaza skrubu yake kwanza. Kikiwa kimekufa kweli, kipande cha elektroniki kiitwacho 7810, kinachouzwa kwa mafundi redio, kinafanya kazi ileile kwenye gari la athi hasi, ukikifunga kwenye bati ili kipoe.

Indiketa

Zikiwaka bila kupepesa upande mmoja tu, ni globu iliyoungua au athi upande huo, maana fulasha ya zamani (kidude kinachopepesa indiketa) inategemea umeme unaovutwa na globu mbili za wati 21. Ukiweka LED haitapepesa vizuri. Nunua fulasha ya elektroniki ya pini tatu, ipe athi kwenye pini E, yaishe.

Inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inazima

Huu ugonjwa una sababu nyingi, petroli ikiwemo, lakini upande wa umeme anza na koili. Vua nyaya zake, pima omu kati ya taminali mbili ndogo. Landrova hizi za petroli zinataka koili ya omu 3 hivi. Koili ya omu 1.5 imetengenezwa kwa magari yenye kizuizi cha kupunguza volti. Ukiifunga bila kizuizi hicho itafanya kazi, tena kwa mbwembwe, kwa nusu saa. Kisha itakuwa ya moto hata huishiki, pointi (midomo inayounga na kukata umeme wa koili) zitaungua zikawa nyeusi, na gari litazima katikati ya mlima. Kati ya koili nne za baba mdogo, tatu zilikuwa za omu 1.5.

Pointi zenyewe ziache nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Na kondensa, kale kakopo kadogo, ndiyo spea pekee ambayo nitakushauri ubadilishe kwa kubahatisha, kwa sababu ni rahisi na haipimiki vizuri ikiwa baridi. Ila usitupe ya zamani. Nyingi za mpya ni mbovu kuliko ulizozitoa.

Ya dizeli inasumbua kuwaka asubuhi

Dizeli ya lita 2.25 ya zamani ina hita plagi zilizofungwa kwa mnyororo: umeme unaingia ya kwanza, unatoka kwenda ya pili, hadi ya nne, kisha athi. Kila plagi inatumia takriban volti 1.7 tu, nyingine zinabaki kwenye kizuizi. Moja ikikatika, zote nne zimekufa, kama taa za mapambo ya harusi. Ili kumpata mkosaji, vua nyaya zake zote na upime kila plagi kati ya taminali zake mbili. Isiyopitisha kitu ndiyo hiyo.

Na hapa ndipo watu huharibu pesa: dukani utapewa hita plagi za volti 12 zenye taminali moja, kwa kuwa zinaingia kwenye nyuzi zilezile za skrubu. Huwezi kuchanganya. Ukiamua kuhamia hizo, hamia zote nne, ondoa kizuizi, zifunge kila moja na umeme wake, na kwa kuwa zikiwa baridi zote pamoja zitadai ampea 40 na zaidi, weka relei kubwa na waya mnene. Ukirudisha plagi moja ya volti 1.7 kwenye mfumo huo, itang'aa mara moja tu maishani mwake.

Fyuzi ya 35 si ya 35

Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 zinakatika kwenye ampea 35, ila zimepangiwa kubeba nusu yake tu muda wote, kama 17. Fyuzi nyingi za kisasa zilizoandikwa 35 zinabeba 35 mchana kutwa bila kutoka jasho. Ukibadilisha kisanduku ukaweka za kisasa za 35, waya utaungua kabla ya fyuzi. Weka 15, au 20 panapolazimu.

Sasa twende dukani

Nenda na kifaa cha zamani mkononi, hata kama kimekufa. Vifaa vya Lucas vina namba iliyopigwa kwenye chuma, na mara nyingi pembeni yake kuna mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Namba hiyo ni ya Lucas. Land Rover wana namba yao nyingine ya kifaa hichohicho, kwa hiyo ukiagiza Uingereza andika zote mbili ukizipata. Nenda na multimita pia. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kijana mmoja alinipa koili kwenye boksi jipya kabisa.

"Shikamoo mzee. Hii ndiyo yenyewe, orijino."

"Marahaba mwanangu. Ngoja niipime."

Ikasoma 1.6. Nikamwonyesha, akaiangalia, akaita ndani aletewe nyingine, ikasoma 1.5, nyingine 3.1. "Mzee umekuja na maabara," akasema. Nikachukua ile ya 3.1, ambayo boksi lake lilikuwa limechanika na bei yake ndogo kuliko ya kwanza.

Kwa swichi na vishikio vya taa, mimi napendelea cha zamani kilichosafishwa kuliko kipya cha kopi. Shaba ya zamani ni nene. Fungua, sugua, paka vaselini, funga. Kwa vitu vyenye elektroniki ndani, nunua vipya.

Kuunga

Waya wa ukubwa sahihi ni nusu ya kazi. Milimita 1 ya mraba inabeba ampea 8 hivi: taa ndogo, geji, kuamsha relei. Milimita 2 inabeba 17: taa kubwa, honi. Alteneta ya zamani inataka 4.5. Mita 5 za waya wa milimita 1 ukizipitisha ampea 10 zinakula karibu volti moja, na tumeshaona volti moja inafanya nini kwenye taa.

Usisokote nyaya ukafunga tepu. Tumia viunganishi vya kubana kwa koleo lake, au lehemu pale ambapo waya hautikisiki. Penye mtikisiko lehemu huukakamaza waya, nao hukatika ukingoni mwake. Vile viunganishi vya Lucas vyenye umbo la risasi ya bunduki, pini mbili ndani ya kimpira, ukikuta vimekuwa vya kijani usivipulizie dawa ukaondoka. Kata, weka vipya. Waya ukipita kwenye tundu la bati, lazima uwe na mpira. Alumini inakata kama kisu.

Ukimaliza, usirudishe betri moja kwa moja. Zima kila kitu, funga kichwa cha chanya, halafu ile globu yako ya wati 21 iweke kati ya kichwa cha hasi na waya wake. Ikiwaka kwa nguvu, kuna mahali umeunganisha vibaya, na badala ya moto umepata taa: chomoa fyuzi moja moja, kisha nyaya za kahawia, mpaka izime. Ikikaa giza, washa taa ndogo za gari uone globu inapata uhai na taa za gari zinafifia, dalili kwamba njia iko wazi. Zima tena. Toa globu, kaza kibanio.